Kumkuzia Mama Herufi

Kompyuta ilipanda mlima kutoka Tanga kwa basi, imeviringishwa kwenye blanketi, na juu ya blanketi mtu ameandika kwa kalamu nene: KIOO, TARATIBU. Aliyeituma ni shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa amechukua kaseti zote za marehemu baba akazihamishia humo. Akaweka betri mpya na mfumo endeshi wa bure, kwa sababu ule uliokuja na mashine ulikuwa mzito kwa umri wake. Mimi na mama tuliipokea stendi ya Lushoto, tukaja nayo hadi nyumbani kwetu, barabara ya Mlola, tukaiweka mezani mahali ilipokuwa redio. Redio ikahamia juu ya kabati.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Kinanda hakuwa nacho. Alikuwa na koo lake na kinasa sauti cha betri. Kila alipotunga wimbo alijirekodi akiimba sauti ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, ili wanakwaya wapite nyumbani jioni na kila mmoja ajifunze ya kwake. Nilikua nikidhani kila nyumba ina mtu mmoja anayeimba kwa sauti nne.

Mwaka huu usharika una jubilei. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mchangamfu ambaye hawezi kukaa bila kusimama kila baada ya sentensi, alitutembelea na kikapu cha pea na ombi. Walitaka kuimba ule wimbo wa baba wa Kishambaa, ambao siku hizi hakuna anayeujua wote. Walitaka mama aufundishe.

Mama hakuwa amesimama mbele ya kwaya tangu baba alipotuacha. Macho yalikuwa yamepungua, na kwa ajili ya macho akajinyima mambo mengi: kusoma masomo kanisani, kwenda sokoni peke yake, kusahihisha watu. Nikajua atakataa. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumsaidia kukataa.

"Nitafundisha," akasema, kikapu kikiwa bado mkononi mwa mgeni.

Yule kiongozi akafurahi, akasimama, akakaa. Akaongeza kwa upole kwamba wakifika Jumamosi ya mazoezi na sauti hazijakamilika, itabidi wachukue wimbo mwingine kwenye kitabu cha nyimbo, maana siku zimebana. Mama akasema hazitabana kwake. Mgeni alipoondoka ndipo nikamuuliza mama kama anazikumbuka sauti zote. Akanitazama kama nimemuuliza kama anakumbuka jina lake, kisha akanywea kidogo. Ya pili anaikumbuka, maana ndiyo aliyoimba maisha yake yote. Nyingine zimebaki vipande vipande.

"Lakini baba yako yumo humo," akasema, akionyesha meza.

Alikuwemo kweli. Shida ilikuwa kumfikia. Ukifungua folda ya baba, programu ya mafaili inakupangia majina, moja chini ya jingine, mengi, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Mama anasoma vizuri sana Biblia yake ya herufi kubwa. Majina yale hakuyaona hata akikisogelea kioo mpaka pua inagusa. Simu yake ni kitochi, ya kwangu naondoka nayo kwenda shule ninakofundisha jiografia, na nyumbani mchana kutwa anabaki peke yake. Nikamwambia asijali, nikirudi jioni nitakuwa namfungulia mimi.

"Kwa hiyo nikusubiri wewe utoke shule ndiyo nimsikie mume wangu?"

Alikuwa na haki. Tena nilikuwa na mtihani wa kidato cha pili wa kusahihisha. Nikaahidi kwamba kabla ya Jumapili herufi zitakuwa kubwa, mambo ya dakika chache.

Nilianza kistaarabu. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kukuza maandishi, nikakuza. Saa ya pembeni ikawa kubwa, menyu zikawa kubwa. Nikafungua folda ya baba, sisimizi wakawa palepale. Nikaingia mtandaoni kwa simu, nikasoma majibizano ya watu wa mbali wanaogombana kwa Kiingereza juu ya jambo hilohilo, na baada ya kuchuja matusi nikapata kwamba programu yetu ile haisikilizi mipangilio ya kawaida. Ukubwa wa herufi zake inautafuta kwenye kigeu cha mazingira.

Kwangu mimi mazingira ni matuta ya kuzuia mmomonyoko na ule msitu uliobaki juu ya Mlola. Huku kwenye kompyuta, kumbe, ni kitu kingine kabisa. Kigeu cha mazingira ni jina, alama ya sawasawa, na thamani, basi. Unakiandika kwenye faili fulani, na programu zinakisikia kama waumini wanavyosikia matangazo ya kanisani. Ukitangaza kwamba ukubwa ni mbili, wote waliomo wajue kwamba ukubwa ni mbili.

Nikatangaza. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza kompyuta, ukubwa ni ngapi? Ikajibu bila kusita: mbili. Nikajipiga kifua. Nikamwita mama kutoka jikoni, akaja akifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akainama juu ya folda ya baba.

"Mbona ni yaleyale?" akauliza.

Yalikuwa yaleyale. Nikamwambia asubiri kidogo, akarudi kwenye maharage yake. Nikauliza tena kwenye dirisha jeusi. Mbili. Nikafungua folda. Sisimizi. Nikakasirika, maana mimi mtu akinikatalia waziwazi namwelewa, lakini huyu alikuwa ananikubalia usoni na kunikatalia mgongoni. Nimefundisha madarasa yenye wanafunzi wa namna hiyo. Nawajua.

Nikaapa kula naye sahani moja. Nikaandika kile kigeu kwenye faili la pili, ambalo mtu mmoja mtandaoni alisema ndilo sahihi, na kwenye la tatu, ambalo mwingine alisema ndilo sahihi na kwamba wa kwanza ni mjinga. Nikaongeza kigeu kingine, hiki kinakuza kila kitu, picha na maandishi pamoja, nacho nikakipa mbili. Nikakiingiza hata ndani ya maelezo ya kitufe chenyewe cha kufungulia folda, na ukubwa wa fonti nikaupandisha nao. Kila nilipomaliza niliuliza, nikajibiwa vizuri, nikafungua folda, nikataka kulia. Watu wa mtandaoni walisisitiza: ukishaandika, toka kwenye akaunti yako uingie tena. Nikafunga kifuniko cha kompyuta, nikakifungua, ikaniomba neno la siri, nikaliandika, nikaingia. Nimetoka na nimeingia, mnataka nini tena? Hakuna kilichobadilika.

Nikampigia shemeji. Hakupatikana, yuko safarini, lakini baadaye akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake muziki wa hotelini unasikika.

"Shemeji, hiyo ni rahisi tu," alisema akicheka. "Vigeu hivyo vina vichwa vigumu. We irudishe kwenye basi, nikifika Tanga naimaliza siku moja."

Neno rahisi liliniudhi wiki nzima. Nilikuwa nafundisha pepo za msimu huku kichwani nikimjibu shemeji. Hata hivyo kwa uchovu nikamwambia mama kwamba labda tuikubali, iteremke Tanga, itarudi.

"Itarudi lini?"

"Baada ya Jumamosi."

"Haondoki," mama akasema. Ndivyo alivyosema, haondoki, kama anayezungumzia mtu.

Yeye mwenyewe hakuwa amekaa kusubiri. Nikiwa shule aliifungua, akabonyeza jina lolote, akasikiliza anachopewa. Siku moja narudi namkuta ameegemea meza, mkono shavuni, kompyuta inapiga kelele za watu. Alikuwa ametafuta sauti ya tatu akaangukia mnada wa sikukuu ya mavuno, wa zamani, ambao baba aliunasa sijui kwa nini. Wanamnadi jogoo. Nikataka kumfungulia wimbo, akanizuia.

"Acha kwanza. Nataka kujua jogoo kachukuliwa na nani."

Tukasikiliza pamoja hadi mwisho. Alichukuliwa na mchungaji. Mama akasema ndiyo, anakumbuka, na alikuwa jogoo mkorofi. Tulicheka, lakini nilipoinuka kwenda kubadilisha nguo za shule nilimwona anabonyeza tena kwa kubahatisha, akapata mahubiri, akabonyeza, akapata kikohozi cha baba na kimya. Akavua miwani akaiweka mezani taratibu. Siku mbili tatu zimebaki na mama yangu anacheza bahati nasibu na mume wake. Nilijisikia vibaya sana.

Kitu kimoja ambacho sikuruhusiwa kukifanya tangu mwanzo ni kuizima. Jioni ya kwanza kabisa, mashine ilipofika, nilinyoosha mkono niizime, mama akaushika.

"Usimzime baba yako."

Nikamweleza kwamba hakizimiki kitu, sauti zimehifadhiwa. Akasema yeye moto wa jikoni kwake hajauzima tangu alipoolewa. Usiku anauzungushia majivu juu ya makaa, anaufunika vizuri, asubuhi anafukua na kupuliza. Basi akashusha kifuniko cha kompyuta, akatandika juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha wageni, na ikawa desturi. Mimi nimelelewa kwenye jiko hilo. Hata nikiwa peke yangu nilikuwa nafunika tu, wala sikuwaza mara mbili.

Kisha ikaja mvua. Mti ukaangukia nyaya huko njiani, umeme ukakatika mtaa mzima na haukurudi. Kukatika kwa umeme hapa kwetu hakumshtui mtu, na ile betri mpya ilikuwa imetuvusha mara zote. Safari hii ilizidiwa. Niliporudi kutoka shule Jumatano, nimelowa hadi soksi, mama alikuwa amekaa mbele ya meza, kitambaa kimekunjwa pembeni, kifuniko wazi, kioo cheusi.

"Moto umezimika," akasema.

Nikamwambia umeme ukirudi itawaka, na sauti zote zitakuwepo. Akatikisa kichwa. Hakuwa anabishana, alikuwa amechoka.

"Wa jikoni ukizimika naenda kuomba kwa jirani. Huu nitauomba wapi?"

Nilikaa naye pale. Nilimwonea uchungu, na niliionea hasira ile mashine, mvua, shemeji na rahisi yake, vyote kwa mkupuo mmoja.

Umeme ulirudi Alhamisi mchana. Nilikuwa na vipindi vya asubuhi tu, kwa hiyo nilikuwepo. Taa ya sebuleni ilipowaka hata sikukaa chini, nikabonyeza kitufe, nikasubiri. Ilichukua muda mrefu kuamka. Ikaniomba neno la siri, nikaandika, nikafungua folda ya baba nikiwa nimefumba jicho moja.

Nikaona herufi moja na nusu.

Sitanii. Dirisha lote lilijaa kipande cha neno "Sauti". S ilikuwa na ukubwa wa mkono wangu, a imekatwa katikati, na pembeni picha ya folda ya njano imekaa kama tofali. Mama akiwa mlangoni, bila miwani, akasoma: "Sa." Nikaangua kicheko mpaka nikashika meza. Yeye akadhani nimerukwa na akili, akaja mbio.

Na katikati ya kicheko kile nikaelewa. Vigeu vyangu vyote vilikuwa sahihi, vyote, tangu siku ya kwanza. Dirisha jeusi husikiliza matangazo kila linapofunguliwa, ndiyo maana likawa linanijibu vizuri. Programu ya mafaili husikiliza mara moja tu, inapoingia mlangoni wakati kompyuta inapowashwa na wewe unapoingia kwenye akaunti. Ikishaketi haisikii mtu, na ukilifunga dirisha lake yenyewe inabaki imekaa palepale nyuma ya pazia. Sisi tulikuwa hatuizimi. Kufunga kifuniko na kuandika neno la siri si kutoka; ni kubisha hodi kwenye nyumba uliyomo. Tangu ilipofika kutoka Tanga programu ile ilikuwa imekaa ibada ileile moja, na nje mlangoni mimi natangaza mpaka sauti inakauka. Umeme ulipoizima kwa nguvu ikalazimika kuingia upya, ikasikia kila nilichowahi kusema kwa pamoja, ikatii chote. Kigeu kimoja kikayakuza maandishi mara mbili, kingine kikayakuza yaleyale mara mbili tena, na fonti juu yake.

Nilifanya kazi nikiimba. Nikafuta kigeu cha kukuza kila kitu, nikarudisha fonti ilivyokuwa, nikafuta marudio ya faili la pili na la tatu, nikasafisha kile kitufe, nikabakiza tangazo moja tu mahali pamoja. Kila nilipofuta nilitoka kwenye akaunti kweli kweli, siyo kwa kifuniko, nikaingia, nikamwita mama aje aone herufi zikishuka.

"Bado kubwa mno."

Natoka, naingia.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiguse."

Majina yalikuwa yamekaa kwa raha, meusi, manene, makubwa kama ya Biblia yake. Akayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, bila kidole, bila miwani kupanda wala kushuka. Sauti ya kwanza. Sauti ya pili. Sauti ya tatu. Mnada. Alipofika mwisho akaanza tena kutoka juu, kwa sababu tu anaweza.

"Hongea," akaniambia, hiyo shukrani ya kwetu ambayo hupewi kwa jambo dogo.

Nikamwomba kitu kimoja: aniruhusu nimwonyeshe namna ya kuizima na kuiwasha. Alisitasita. Nikaizima mbele yake, kioo kikawa cheusi, akashika ukingo wa meza. Nikamwambia awashe yeye. Akabonyeza, tukasubiri, akaandika neno la siri ambalo ni jina lake mwenyewe, folda ikafunguka na majina yakawa palepale, kwa ukubwa uleule. Akaizima tena, peke yake, akaiwasha tena. Nilimtumia shemeji ujumbe wa sauti. Nilisema kwamba alikuwa amesema kweli, ilikuwa rahisi tu, na kwamba nikiwa na nafasi nitateremka Tanga kumsaidia na kompyuta za kwake.

Kesho yake, Ijumaa, nikirudi kutoka shule nilimsikia baba kuanzia kwenye kabichi za jirani. Sauti ya nne, nzito, inatoka dirishani. Ikakatika, ikaanza upya. Mtu alikuwa anamsimamisha na kumrudisha atakavyo. Nilipofika uani ikawa zamu ya sauti ya tatu, na juu yake sauti nyembamba ya mama, inamfuata, inateleza, inarudi, inashika. Nilisimama hadi ubeti ukaisha. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, ya kutaka kuwasimamisha wapita njia niwaeleze.

Niliingia. "Shikamoo mama."

Mama yangu anaweza kuwa amekasirika, anaumwa, anapalilia shamba la pili, shikamoo haimpiti. Siku hiyo aliinua kiganja bila kugeuka. Ninyamaze. Nikanyamaza mlangoni, begi begani, kama mwanakwaya aliyechelewa.

Alikuwa amefungua sauti ya pili, ya kwake. Hiyo hakuwa na haja ya kujifunza. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kidole juu ya kitufe, na baba alipofika mahali fulani kwenye kiitikio akasimamisha, akarudisha nyuma kidogo, akaniita kwa mkono.

"Sikiliza hapa."

Baba akaimba. Mama akasimamisha, akaimba mstari uleule yeye, na wake ukapanda pale ambapo wa baba ulibaki chini.

"Umesikia? Amekosea. Nilimwambia mwaka ule ule, akasema mimi ndiye nakosea, akawaambia kwaya nzima kwamba mke wake hasikii vizuri." Akarudisha tena, baba akakosea tena, vizuri kabisa, kwa uhakika wake wote. "Kesho nawafundisha inavyotakiwa."

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuwa anayafuta. Akabonyeza kwa mara nyingine, bila kuangalia mkono.

"Sasa abishe," akasema.